Enka haidanganywi na sindano ya damu

Winga akikaa nje wiki tatu kwa sababu ya enka, kelele za jukwaani pale Jamhuri, Dodoma, zinajulikana: achomwe sindano arudi. Zamani ilimaanisha ganzi. Siku hizi inayotajwa ni sindano ya damu yake mwenyewe.

Mchezaji anatolewa damu mkononi, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka ijitenge, kisha ile sehemu ya njano iliyojaa chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, inachomwa kwenye kiungo kinachouma. Wenyewe wanaiita PRP. Siyo haramu. WADA waliizuia kuchomwa kwenye msuli mwaka 2010, mwaka uliofuata wakaiondoa kwenye orodha.

Wazo lenyewe ni zuri. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ili isisagane, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichubuka haliponi kama msuli. Kwenye enka ni jembamba, milimita moja au mbili hivi, na linabeba mwili mzima kila beki anapotua baada ya kupiga kichwa. Basi watu wakasema, kama damu haifiki huko, ipelekwe.

Shida ilikuja ilipopimwa. Mwaka 2021 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Uholanzi: wagonjwa 100 wenye enka zilizosagika, kundi moja likachomwa PRP mara mbili, jingine maji ya chumvi, bila wao kujua nani kapewa nini. Baada ya wiki 26, wa damu walipanda kama pointi 10 kwenye kipimo cha 100. Wa maji ya chumvi, 11. Sare hiyo, na aliyelipia damu ndiye aliyeumia mfukoni.

Mbishi atasema wale walikuwa watu wazima wa miaka hamsini na kitu, siyo mawinga wa miaka 22. Hoja ina uzito. Kwa kijana mwenye kidonda kidogo cha gegedu, hasa daktari anapotoboa mfupa kwa upasuaji ili damu ivuje na kujaza shimo, zipo tafiti zilizoonyesha kuwa kuongeza PRP kunasaidia. Lakini ni tafiti ndogo. Anayemwahidi bosi wa klabu kwamba gegedu litaota upya kwa sindano tu anauza maneno.

Marco van Basten alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Mei 1993, akiwa na miaka 28. Alipasuliwa enka mara kadhaa, na mwaka 1995 akatangaza kustaafu. Milan walikuwa na fedha na madaktari, enka haikurudi.

Huku kanda ya kati mvua zikikata, mpaka karibu Desemba viwanja vya mchangani Kizota, Bahi na Kongwa vinakuwa vigumu kama sakafu. Kijana anateguka Jumamosi, anakandwa maji ya moto, Jumatano yupo kwenye ndondo. Hapo ndipo enka inapoanza kuharibika. Goti huchakaa sana kwa umri, lakini enka iliyosagika mara nyingi ina jeraha la zamani nyuma yake.

Klabu yenye fedha ya sindano ingeanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na enka isiyotulia ikapigwe picha, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapo hapo mjini. Kipimo cha kwanza wala hakihitaji mashine: mchezaji asimame kwa mguu ulioumia akiwa amefumba macho, kisha aruke mara kadhaa kwa mguu huo huo. Akiyumba au akikunja uso, kocha amtoe kwenye orodha ya Jumapili, na jukwaa livumilie mechi nyingine bila winga wake.