NANI MVAMIZI? MJERUMANI ALIANDIKA MWENYEWE

Ndugu wanachama, kuna neno ambalo siku hizi linatembea katika vijiji vya Muheza, Korogwe na Pangani kama ndui. Neno hilo ni "mvamizi". Mtu kazaliwa mahali, babu yake kazikwa hapo hapo, miembe ya bibi yake ingali inazaa, na leo anashuka bwana kutoka katika gari, hati ya shamba mkononi, anamwambia: wewe ni mvamizi, ondoka. Na sisi, badala ya kumwuliza bwana huyo hati yake ilianzia wapi, twainamisha vichwa.

Mimi nasema tumwulize. Tena nasema jibu lipo, na aliyelichora ni Mjerumani mwenyewe.

Tarehe 26 Novemba 1895 Kaizari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake hapa kwetu isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Na nani alitakiwa kuthibitisha kwamba ardhi ina mwenyewe? Si Kaizari! Ni Mbondei, Mzigua, Mdigo na Msambaa, watu ambao hawakuwahi kuhitaji karatasi ili kujua mpaka wa shamba la jirani. Mwaka uliofuata yakaja maagizo kwamba wenyeji waachiwe ardhi mara nne ya ile wanayolima. Itazameni hila hiyo vizuri. Ile wanayolima! Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, msitu wa kuni na dawa, malisho, mahali pa makaburi, vyote hivyo si kulima, basi ni pori. Reli iliyotoka Tanga ilifika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na mashamba ya walowezi yakaifuata huku na huku. Mkonge aliouagiza Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu iliyopona kati ya 1,000, ulipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na uzao wake ukaimeza nchi. Baada ya vita Mwingereza akaja na Sheria ya Ardhi ya 1923. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali yetu ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na miaka ya 1990 yakauzwa tena. Kila aliyepokea alipokea na lile "pori" la 1895 ndani yake.

Lakini Mjerumani alikuwa na tabia moja ambayo leo inamshitaki: aliandika kila kitu. Oscar Baumann alitembea Usambara na nchi za jirani, na mwaka 1891 akachapisha kitabu chenye ramani. Baada yake ikafuata ramani kubwa iliyoitwa Karte von Deutsch-Ostafrika, iliyochapishwa Berlin na Dietrich Reimer kwa kipimo cha 1 kwa 300,000, yaani sentimita moja ni kilometa tatu. Humo mmeandikwa vijiji, vijito, njia za miguu na misheni. Serikali iliyosema ardhi haina mwenyewe ndiyo ile ile iliyoandika majina ya wenyewe!

Zamani karatasi hizo zilifungiwa Ulaya. Leo maktaba za Ujerumani zimezipiga picha na kuziweka katika intaneti, na kijana yeyote wa tawi mwenye simu anaweza kuzifungua bila kulipa zaidi ya bando. Mafaili ya ofisi ya makoloni ya Berlin, yale ya fungu la R 1001, yamewekwa vivyo hivyo na Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Kwa miaka ya Mwingereza ziko picha zilizopigwa kutoka ndegeni, ambazo hifadhi yake kubwa iko Edinburgh, na ramani za 1 kwa 50,000 zilizochorwa kutokana na picha za namna hiyo. Picha ya ndege ina faida yake: haiulizi jina la mtu, lakini minazi na mashamba huonekana.

Jambo moja huwakatisha tamaa wengi. Ukiandika Muheza hupati kitu, kwa kuwa Mjerumani aliandika Muhesa. Vuga kwake ni Wuga, Vanga ni Wanga, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal. Z yetu tafuta kwenye s, v yetu kwenye w, sh kwenye sch, ch kwenye tsch, j kwenye dsch. Na kijiji mara nyingi kiliandikwa kwa jina la jumbe wa siku zile, si kwa jina tunaloliita sasa. Kwa hiyo kabla hujagusa simu, nenda kwa wazee ukaulize: jumbe alikuwa nani, na kabla yake nani? Mzee asiyejua kusoma ndiye atakayekusomea ramani hiyo.

Hapa lazima nikiri kosa. Mimi nilisomea ualimu chuoni, nikafundishwa kusoma ramani, nikajiona bingwa. Katika kijiji kimoja tuliitandaza ramani ya Mjerumani juu ya picha ya setilaiti, kwa programu ya bure ya QGIS, tukakiona kijiji kwa jina la jumbe wake, tukaenda kwenye usuluhishi tukitamba. Mwakilishi wa shamba akatazama, akacheka, akasema: kijiji chenu hiki kiko ng'ambo ya mto! Na kweli kilikuwa ng'ambo. Wapimaji wale walikwenda kwa miguu, dira na saa mkononi, wakikadiria mwendo, na kosa la kilometa moja au mbili halikuwa ajabu kwao. Sisi tulikuwa tumeishikiza ramani kwa pembe zake tu. Ilitupasa kuishikiza kwa vitu visivyohama: maungio ya mito, stesheni ya reli, kanisa la zamani kama la Magila. Siku ile wanakijiji walirudi kimya, na mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza mimi mto uko wapi." Sijalisahau neno hilo.

Wako wanaosema mambo haya ni ya wataalamu, chama kishughulike na kura. Ati ya wataalamu! Mawakili wa wenye mashamba hawaogopi ramani, kwa nini sisi tuziogope? Kirilo Japhet, Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, hakungoja mtaalamu. Mwaka uliofuata alisimama New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, akaeleza habari za ardhi ya watu wake. Hawakurudishiwa siku ile, lakini hakuna aliyeweza tena kusema hakusikia.

Jihadharini pia na matapeli wanaochapa ramani hizi na kuziuza vijijini kama "hati za Mjerumani". Ramani si hati. Hati iliyosajiliwa haianguki kwa sababu ya karatasi ya Berlin, na anayewaahidi hivyo anataka fedha zenu. Tena mahali palipo peupe katika ramani si lazima palikuwa patupu. Pengine mpimaji hakupita huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataja, miongoni mwa ardhi za kijiji, ile ambayo wanakijiji waliikalia au kuitumia mfululizo kwa miaka 12 kabla ya sheria hiyo. Basi ramani ya Mjerumani peke yake haitoshi. Yatakiwa picha ya ndege ya baadaye, muhtasari wa mkutano wa kijiji, makaburi, miti, na shahidi aliye hai, kila kimoja kikishikana na kingine.

Na mashahidi hawangoji. Kila msimu twawazika.

Kwa hiyo naomba kila tawi la Muheza, Korogwe na Pangani lichague vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Waandike kwanza majina ya majumbe, mito, miti mikubwa na makaburi, pamoja na jina la mzee aliyesema na tarehe aliyosema. Wakipata ramani, waandike jina la karatasi, mwaka wake na maktaba ilikotoka, kisha waombe nakala iliyothibitishwa, kwa maana picha ya simu hukataliwa upesi. Waje na madaftari hayo ofisi ya wilaya. Kompyuta iko moja, tutapokezana.