Anayeokoa Naye Atunzwe

Maafa yanapotokea, askari huwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa na wa mwisho kurudi nyumbani. Hilo hatulilalamikii, kwani ndiyo kazi aliyoiapia. Tunalouliza ni hili: anapokuwa matopeni, nani anamtazama yeye?

Machi 2023 kimbunga Freddy kiliipiga Malawi ya kusini. Tarehe 13 Serikali ya Lilongwe ilitangaza hali ya maafa. Huko Chilobwe, mjini Blantyre, mawe na matope yaliporomoka juu ya nyumba, na askari, bega kwa bega na wananchi, wakafukua maiti kwa majembe na kwa mikono. Watu zaidi ya 600 walithibitishwa kufa na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Tanzania nayo ilipeleka helikopta za Jeshi la Wananchi. Desemba ya mwaka huo huo, askari wetu wakaingia matopeni huko Katesh, Hanang.

Mtu aliyefukua mwili wa mtoto mchana hapati usingizi usiku kwa sababu tu ameamriwa kulala. Kwa hiyo twasema: kila kikosi kinachokwenda kwenye maafa kifuatwe na gari la huduma. Liwe na chai ya moto, maji safi na sabuni, nguo kavu, umeme wa kuchajia simu ili askari asikie sauti za watoto wake, tabibu, na padre au shehe kwa amtakaye. Freddy iliikuta Malawi imo katika kipindupindu, na maradhi hayo hayatambui cheo.

Wapo watakaosema hiyo ni anasa, chai hiyo wapewe walioathirika. Hoja hiyo haina nguvu. Gari hilo likiwa na fungu lake katika bajeti ya kikosi, halitagusa hata kibaba cha mhanga. Hata mkoloni, ambaye hakuwa na huruma na Mwafrika, aliwachapishia askari wa Vita Kuu ya Pili gazeti la Kiswahili, Heshima. Ikiwa yeye aliona faida ya kumtunza askari moyo, sembuse sisi tunaomtuma kuokoa ndugu zake?

Somo jingine liko Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita hamsini hivi kutoka Lilongwe. Pahali hapo palikuwa gereza la kisiasa. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinawaunganisha. Maisha yao ni ya dhiki. Hata hivyo, mwaka 2014 walianzisha Tamasha la Tumaini, nao watu wa Lilongwe huenda huko kusikiliza muziki. Wametambua kwamba unga peke yake haumwinui aliyevunjika moyo.

Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi Dzaleka, na polisi ndio waliotekeleza amri hiyo. Kazi ya namna hiyo haijengi mapenzi. Lakini wanamuziki wa kambi wakialikwa jukwaa moja na bendi ya polisi, kuwaburudisha askari waliotoka kwenye maafa, pande zote mbili zitaonana kama binadamu.

Mvua hazingoji mikutano. Makamanda hawana budi kuliweka gari hilo katika mipango yao sasa, likiwa limejazwa mafuta na dereva wake anajulikana kwa jina, kabla mto haujafurika.