Benki Ina Mwezi, Sisi Tuna Msimu

Oktoba ikiingia hapa Madibira, wilayani Mbarali, kila mwenye nyumba anatazama juu. Anaona bati lililoinuka pembeni, msumari uliolegea, kofia ya paa iliyoondoka na kimbunga cha vumbi. Halafu anatazama mfukoni, na bati linaambiwa lingoje. Si kwamba hatujui. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba hivi na kwenda hadi Aprili, na hatuhitaji semina ya kutuambia kwamba paa hurekebishwa kabla ya mvua. Ila ndiyo miezi hiyo hiyo ya trekta, ya kitalu, ya mbegu, ya mbolea, ya kulipia maji ya skimu. Shilingi ya mwisho inaingia jarubani. Inarudi Juni, mpunga ukishavunwa, wakati mbingu imekauka na bati halivuji. Na bati lisilovuja nani analikumbuka?

Kwa hiyo wanaotupa ushauri wa nyumba redioni tunawasikiliza kwa heshima, lakini tunachoka. "Safisheni gata." Gata ipi? Nyumba zetu nyingi maji yanatoka kwenye bati na kudondoka moja kwa moja miguuni mwa ukuta, na uharibifu unaanzia hapo, si juu. Matone yanachimba mfereji, tope linarukia ukutani, na baada ya misimu michache kozi za chini zimelika kama mkate uliotembelewa na panya. Tofali tunachoma wenyewe kwa pumba za mpunga, maana mashineni pumba ni vilima. La katikati ya tanuri linaiva, ukiligonga linalia. La pembeni linakuwa jekundu usoni na udongo tumboni. Fundi anayelipwa kwa idadi hachagui, na yale mabichi ndiyo mara nyingi anaanza nayo, kwa sababu yalikuwa juu ya rundo. Mwenye uwezo wa kufanya kitu kimoja tu mwaka huu asihangaike na rangi. Achimbe mfereji wa kuyapeleka maji mbali na ukuta, kisha apige lipu ya saruji kozi nne za chini. Nyumba nyingine yote ingoje.

Aliyejenga mbugani, kwenye udongo mweusi, ana kesi yake. Udongo ule unavimba masika na kupasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unazama. Ufa unaanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari, unaziba mwaka huu, unarudi mwakani palepale. Dawa yake ilikuwa msingi wa mawe ulioshuka vizuri na mkanda wa zege juu ya madirisha, na dawa hiyo inanywewa kabla ya kuugua. Aliyekwisha kujenga azuie maji yasisimame karibu na msingi, na asipande mti mkubwa ukutani akitafuta kivuli.

Mbao tunaletewa kutoka Mafinga, paini za Sao Hill, na mchwa wa Madibira wanazisubiri kama wageni wa harusi. Nguzo na kenchi zipakwe oili chafu kabla ya kupanda juu, si baada. Kila Agosti panda na kisu, chomachoma mbao. Kisu kikiingia kama kwenye boga, kenchi hiyo badilisha, usiipake chochote. Na dukani usikubali kuambiwa "bati ni bati". Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Namba ikipanda bati linakonda. Tulioingizwa mjini kwa hesabu hiyo ni wengi, na tunaonekana wazi kila upepo ukivuma.

Sasa mkopo, maana kila mshauri akishamaliza gata anatuuliza: "Kwa nini msikope?"

Wazee wetu wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, ile iliyoanzishwa 1972 na kufungwa 1995. Kisha ikaja sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo zitukopeshe sisi. Ni jambo jema, hatubishi. Riba za mikopo hiyo kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka, na mtu anaweza kulipa kwa miaka mingi. Kila mwezi, lakini. Na hapo ndipo mkulima wa mpunga anapoachwa stendi.

Mmoja wetu alikwenda mjini kuuliza. Dada wa mkopo, mtaratibu kabisa, akamuuliza mshahara wake unapitia benki gani. Akajibu: "Unapitia mferejini, dada." Walicheka wote wawili, fomu ikarudishwa mezani.

Akatoa hati yake ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Tangu mpango wa urasimishaji wa MKURABITA uanze mwaka 2004 tumekuwa tukiambiwa kwamba rasilimali ikirasimishwa inakuwa mtaji. Dada akaigeuza, akaisoma pande zote, akasema ni nzuri ila wao wanapendelea nyumba ya mjini, kiwanja kilichopimwa. Tunamwelewa: tukishindwa kulipa, nani atainunua nyumba ya Madibira? Na kuna sehemu za Mbarali hii yetu ambako, tangu Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 liipanue Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, watu wameishi miaka mingi wakijiuliza kama kesho wapo kijijini au hifadhini. Mtu wa namna hiyo hapigi hata lipu, sembuse kukopa.

Wanaobaki ni wale wa mikopo ya kausha damu, na mnunuzi anayekuja Februari kununua mpunga ungali shambani kwa bei anayoitaka yeye. Hapa tunaomba wenzetu wafanye hesabu kabla ya kuweka dole gumba. Chukua milioni 10 kwa miaka 5, riba asilimia 18. Riba ikipigwa kila mwaka juu ya mkopo wote uliochukua, utarudisha milioni 19. Ikipigwa juu ya deni lililobaki, utarudisha milioni 15 na laki mbili na kitu. Asilimia ni ileile, kwenye karatasi zote mbili imeandikwa 18, na tofauti inazidi milioni tatu na laki saba: hayo ni mabati ya nyumba nzima. Uliza inapigwa juu ya nini. Uliza pia kama riba inaweza kupandishwa katikati ya safari, na ukipata mavuno mazuri ukalipa mapema, wanakutoza au wanakupunguzia. Na baba, usiweke nyumba ya familia rehani kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzio, na mama akikataa huenda ameshafanya hesabu hiyo kabla yako.

Sisi tunavyojenga kila mtu anajua. Julai mpunga umeuzwa, nunua bati hata kama hutaezeka, nunua saruji ya kutumia mwezi huohuo maana ikikaa inaganda, simu mpya iache dukani. Mwaka wa kwanza msingi, wa pili ukuta, wa tatu pagale linapigwa picha na wapita njia. Mwenye akiba kwenye saccos au kikoba anakopa kidogo na kurudisha kwenye mavuno, kwa sababu wenzake nao ni wa jaruba na wanaijua Juni. Mwenye subira zaidi anauweka mpunga ghalani mpaka bei ipande Januari, ila Januari bati limeshavuja miezi miwili.

Tunachoomba si msamaha wa deni. Tunaomba marejesho ya mara moja kwa mwaka, Julai, gunia likiwa bado lina mpunga. Kilimo chenyewe kinakopeshwa hivyo. Nyumba anayolala huyo mkulima imekosa nini?

Tukiwa tunayasema haya, mawingu yamekusanyika upande wa Mafinga, na fundi wa paa, ambaye Julai alitufuata hadi kilabuni akiomba kazi, hapokei simu.