Kabla mgonjwa wa kiharusi hajatembea, ajifunze kuketi

Mgonjwa wa kiharusi anaporejeshwa nyumbani kutoka hospitalini, kila mgeni anayekuja kumjulia hali huuliza swali moja: "Atatembea lini?" Baada ya siku chache jamaa nao huingiwa na pupa. Vijana wawili humshika kwapani, mmoja kila upande, wakamnyanyua na kumkokota kutoka chumbani hadi sebuleni. Watu hupiga makofi kwamba mzee ametembea. Kumbe waliotembea ni wale vijana!

Leo tuzungumzie sehemu ya mwili ambayo husahaulika sana katika safari ya kupona kiharusi. Si mkono wala si mguu. Ni kiwiliwili, pamoja na misuli ya tumbo, mgongo na kiuno inayokishikilia wima.

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, aghalabu kwa sababu mshipa umeziba, na mara nyingine kwa sababu umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza mkono na mguu wa kulia, na upande wa kulia huongoza wa kushoto. Ndiyo maana mtu hupooza upande mmoja. Lakini misuli ya kiwiliwili hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hivyo ni nadra ipooze kabisa kama mkono. Hulegea, na huchelewa kuitika. Udhaifu wa aina hii hauonekani upesi, nao usipoonekana hautibiwi.

Labda utauliza, tumbo na mgongo vina uhusiano gani na mkono au mguu? Jaribu hivi: simama wima, kisha inua mkono wako mbele kwa haraka. Mwaka 1967 wanasayansi wa Kisovieti, akiwemo Gurfinkel, walionyesha kwamba misuli ya miguu na mgongo hukaza kabla ya ile ya bega kuanza kuinua mkono. Mwili hutia nanga kwanza, ndipo mkono uende.

Kwa mgonjwa wa kiharusi nanga hiyo huchelewa. Akijaribu kufikia kikombe, mwili mzima huyumba. Ndipo utamwona ameng'ang'ania kiti kwa ule mkono mzima, hataki kuuachilia hata akibembelezwa. Jamaa husema amekuwa mvivu au mkaidi. Sivyo. Anajua kwamba akiachilia ataanguka.

Wataalamu wa tiba ya viungo hulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2004, Geert Verheyden wa Ubelgiji na wenzake walitoa kipimo cha kiwiliwili chenye alama 23, ambacho mgonjwa hufanyiwa akiwa ameketi bila kuegemea. Alama 7 ni za kuketi akiwa ametulia, 10 ni za kuketi huku akisogeza mwili, na 6 ni za kuzungusha mabega na nyonga kwa mpangilio. Mnamo 2023, watafiti waliokusanya majaribio 68, yenye wagonjwa zaidi ya 2,500, waliona kwamba mazoezi ya kiwiliwili husaidia mgonjwa kuketi na kusimama imara, na hata kutembea.

Je, nyumbani mfanye nini? Kwanza mwombeni mtaalamu wa tiba ya viungo amkague mgonjwa na awaonyeshe kiasi kinachomfaa. Kisha zingatieni haya.

Mosi ni kiti. Kochi laini ambalo mtu huzama ndani yake ni la kupumzikia, si la mazoezi. Tafuteni kiti kigumu kisicho na magurudumu. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Miguu ikining'inia, wekeni kibao chini yake. Mlinzi akae upande uliopooza, kwa kuwa huko ndiko mgonjwa huelekea kuanguka.

Pili, aketi bila kuegemea, uzito ukiwa sawasawa kwenye matako yote mawili. Aanze kwa dakika chache. Akizoea, auhamishe uzito polepole kuelekea upande uliopooza, kisha arudi katikati. Mito inayomzunguka ni mizuri wakati wa kupumzika, lakini ikimshikilia kutwa nzima, misuli yake itapata wapi kazi?

Tatu, anyooshe mkono. Wekeni kikombe cha plastiki mbele yake, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika, ili mwili ulazimike kuufuata. Kisha kiwekwe kulia, kushoto na hatimaye chini karibu na kiatu, mtu akiwa mbele yake tayari kumdaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama bila kuanguka ni kazi ya kiwiliwili.

Nne, kitandani. Alale chali, akunje magoti, kisha anyanyue nyonga, ahesabu hadi 5 na kushuka taratibu. Mtu ashike unyayo wa upande dhaifu usiteleze. Ahesabu kwa sauti ili asizuie pumzi.

Tano, kuinuka kitini. Arudishe nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo anyanyuke. Mkimvuta kwa mikono atajitupa nyuma, nanyi mtamwona mzito kama gunia.

Baada ya hapo mpeni kazi halisi. Akiwa ameketi bila kuegemea anaweza kukunja nguo, kuchambua maharagwe au kupanga vikombe. Kazi kama hizi hufundisha macho, mkono na kiwiliwili kushirikiana, na ubongo hujifunza kwa kurudia jambo lenye maana.

Lakini pupa haifai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mara nyingi mno na kwa muda mrefu kuanzia saa 24 za kwanza hakumfai, bali hupunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Hata baadaye, mazoezi ya muda mfupi mara kadhaa kwa siku ni afadhali kuliko ya saa nzima yanayomwacha hoi.

Hali kadhalika, msimvute kamwe kwa mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega hilo imelegea, na bega linaweza kuteguka. Akipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au ya kichwa makali, aache mara moja na daktari aarifiwe. Uso ukipinda ghafla, maneno yakimkwama au udhaifu mpya ukizuka, mkimbizeni hospitalini bila kungoja kuche. Dawa za shinikizo la damu nazo zisikatizwe bila ruhusa ya daktari.

Nanyi wanafunzi mlio na babu, nyanya au mzazi katika hali hii, mna nafasi yenu. Chukueni daftari mwandike kila jioni ameketi bila kuegemea kwa dakika ngapi, na ni mara ngapi ameinuka kitini. Dakika 2 zikiwa 5, na 5 zikiwa 10, msomeeni. Mgonjwa anayeambiwa kila siku kwamba hajatembea hukata tamaa, ilhali anayeonyeshwa alichokipata tangu Jumatatu hutaka kujaribu tena kesho.