Daftari la wiki: Samaki asiyeingia kapuni

Juni 16, saa sita usiku. Kando ya mto Lea, hapa Hertfordshire, watu wazima na akili zao wameketi gizani kwenye viti vya kukunja wakinong'ona kama wanaosubiri mwezi wa Idi uandame. Na kweli walikuwa kwenye mfungo. Tangu Machi 15 mito ya England hufungwa kwa wavuvi wa ndoano ili samaki watage kwa amani. Sheria hiyo ni ya mwaka 1878, na aliyeisukuma bungeni ni A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield. Mabwawa mengi yaliondolewa mfungo mwaka 1995, mito bado. Saa ya kanisa ilipogonga, mishipi ikaruka majini, chubwi, chubwi, kisha kimya kikarudi.

Aliyenialika ni jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee. Alinisuta kwamba naishi karibu na mto mwaka wa tisa sasa bila hata kuulowesha mkono.

*

Matabaka ya Waingereza yamewafikia mpaka samaki. Salmoni na trauti ni samaki wa mabwana. Wengine wote wanaingizwa kwenye fungu moja ambalo jina lake ni kama kusema "samaki wa hovyo". Mzee wangu hukesha kwa ajili ya hao wa hovyo, hasa kapu. Ndivyo jina la samaki huyo linavyosikika ukilitamka Kiswahili, na kapu ndicho chombo ambacho kamwe hatatiwa.

*

Asubuhi nilimpigia Shangazi, Mwanza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umepata chochote?"

"Nimepata mmoja, kama kilo nne."

"Ehee! Umemkaanga au umemfanya rosti?"

"Nimemrudisha mtoni."

Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha: "Kwani alikuwa mgonjwa?"

Sikuwa na jibu la maana. Kuchukua samaki si marufuku kabisa: kwa siku moja sheria inakuruhusu kutoka mtoni na paiki mmoja asiyezidi sentimita 65, na samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20. Kapu wangu alishavuka kipimo. Lakini hata angekuwa ndani yake, jirani angenitazama kama niliyechinja paka wa mtu.

*

Ungemwona anavyomhudumia! Kwanza alilowesha mikono, asije akamfuta ule utelezi unaomkinga na maradhi. Akamlaza kwenye kigodoro kilichomwagiwa maji. Ndoano haikuwa na kile kijino kinachoizuia isichomoke, kwa hiyo ilitoka kwa mguso mmoja wa koleo. Kisha akatoa kichupa mfukoni, akadondoshea dawa mahali ndoano ilipoingia. Nimewahi kutibiwa na watu wenye huruma ndogo kuliko hiyo.

*

Kapu wengine wana majina, kama ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1952 Richard Walker alimvua kapu wa takriban kilo 20 katika bwawa la Redmire, Herefordshire. Akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akaitwa Clarissa, akaishi huko hadi 1971. Walker huyo huyo anatajwa kuwa ndiye aliyebuni kengele ya umeme inayolia samaki anapovuta mshipi. Usiku ule zililia kwa wenzetu mara tatu. Mara mbili lilikuwa jani.

*

Nikaingia maktaba kumtafuta babu yao, Izaak Walton, mwuza vitambaa wa London aliyetoa kitabu chake cha uvuvi mwaka 1653, safari yake ikianzia Tottenham kuelekea bonde hili hili la Lea. Nikakuta nini? Mapishi! Paiki wa kuchoma, amejazwa chaza, siagi na majani ya kunukia. Babu alikuwa akila. Huu uungwana wa kurudisha ni wa wajukuu. Nitamwambia Shangazi, atatulia kidogo.

*

Leseni ya serikali ni lazima kuanzia miaka 13, nayo haikupi haki ya kukanyaga ukingo. Hapo unalipa tena, kwa chama au mwenye shamba. Na mto unaoulipia si lazima uwe mzima: tathmini ya 2019 ilikuta asilimia 14 tu ya mito ya England ikiwa na hali nzuri ya kiikolojia. Mzee hulijua hilo kwa pua. Maji taka yakimwagwa, yeye huwa wa kwanza kupiga simu.

*

Chambo: kwenye friji ya jirani, kopo la funza limekaa ubavuni mwa siagi, na mkewe alishaacha kusema. Kuna pia vitonge vya unga na mayai, vya kuchemsha, vinavyonukia stroberi; ukiviona gizani utadhani kaimati. Lakini kapu wangu alishikwa na punje mbili za mahindi matamu ya kopo. Kulipokucha, njaa ikatubana. Yaliyobaki tuliyala kwa kijiko kimoja, kwa zamu, tukiangalia maji.