Bahari ikirudi nyuma si saa yake

Wanafunzi wetu wa Malindi wanasoma volkeno za Longonot na Menengai, na sina ubaya na hilo. Lakini hatari iliyotufikia sisi ilitoka baharini. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga karibu na Sumatra, kwetu ikiwa alfajiri. Tsunami ikatufikia mchana, baada ya masaa kama tisa. Kenya ilipoteza mtu mmoja, jirani zetu Somalia karibu 300.

Tuliokolewa na umbali, tena maji yalikuwa yamekupwa. Hiyo naiita bahati.

Kisiwa cha Simeulue kilikuwa jirani kabisa na tetemeko, hakikupata hata saa moja. Lakini tangu tsunami ya 1907 wazee wa huko waliwaachia wajukuu neno moja, smong: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbieni mlimani. Kati ya watu kama 78,000 walikufa saba.

Sisi tuna kupwa, kujaa na bamvua, na kila mvuvi anajua saa zake. Bahari ikirudi nje ya saa hizo, hatuna neno. Mtoto wa Mayungu au Ngomeni akiona samaki wanatapatapa mchangani, atakimbilia kuwaokota. Walimu, muhula huu mwiteni mvuvi mmoja darasani, muanzie hapo.