Mrembo Mweusi Bila "Lakini"

Kuna neno moja dogo ambalo yafaa tulichunguze kila tunapowazungumzia wanawake weusi katika filamu na tamthilia. Neno hilo ni "lakini". Juzi, katika kibanda kimoja cha nyama katika Soko la Burma hapa Eastlands, niliwasikia vijana wakibishana kuhusu tamthilia ya mapenzi iliyokuwa kwenye runinga. Mmoja alisema kwamba msichana yule ni mweusi lakini ni mrembo. Mwenzake akajibu kwamba hata hivyo, shujaa angefaa kumwoa yule mweupe. Wasichana wote wawili walikuwa Waafrika.

Sarufi yatufunza kwamba "lakini" huunganisha mambo yanayokinzana. Asemaye "mweusi lakini mrembo" amekwisha kukata kauli, kabla ya kutoa hoja yoyote, kwamba weusi na urembo havipatani. Sijapata kumsikia mtu akisema "mweupe lakini mrembo".

Hukumu hiyo haikuzaliwa Burma, wala haiishii hapo. Chukua mfano wa mhusika mwenye jina la Kiswahili. Mwaka 1966, Nichelle Nichols alianza kuigiza kama Uhura katika mfululizo wa Star Trek nchini Marekani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jina hilo lilitokana na riwaya aliyokuwa nayo siku ya majaribio, Uhuru, ambayo Robert Ruark aliitoa mwaka 1962 kuhusu Kenya. Mnamo Novemba 22, 1968, Uhura alipigwa busu na nahodha wake mzungu. Busu hilo lingali linatajwa kuwa la kihistoria, ilhali katika hadithi wawili hao walishurutishwa na viumbe wenye nguvu za ajabu. Hawakubusiana kwa hiari.

Ilipofika mwaka 2009, filamu mpya ilimpa Uhura, aliyeigizwa na Zoe Saldana, jina la Nyota pamoja na mpenzi wa kumpenda kwa dhati, Spock. Ndipo baadhi ya mashabiki wakalalamika. Walidai kwamba mapenzi yalimshusha hadhi, na kwamba mwanamke shupavu kama yeye hakuhitaji mwanamume.

Hoja hii yavutia kwa sababu inavaa joho la heshima. Hata hivyo, aghalabu huwaelekea wanawake weusi. Binti mzungu akipendwa katika filamu, ushupavu wake hauhesabiwi kuwa umepungua. Mweusi husifiwa kwa nguvu, uvumilivu na hekima ya kuwashauri wenzake, kisha sifa hizo hizo hugeuzwa sababu ya kumnyima mahaba. Anaruhusiwa kumfuta machozi bibi arusi, si kuwa bibi arusi.

Wengine hawajishughulishi hata na joho hilo. Mwaka 2024, Francesca Amewudah-Rivers alipotangazwa kuwa Juliet jijini London, alimiminiwa matusi ya kibaguzi kabla ya mchezo kuanza kuonyeshwa. Waliomtukana hawakuwa wameona lolote katika uigizaji wake. Walichokuwa wameona ni rangi tu.

Yamkini msomaji atasema kwamba mapenzi hayalazimishwi, na kila mtazamaji ana haki ya kumpenda amtakaye. Nakubali. Kuna wahusika weusi walioandikwa vibaya, na hakuna anayelazimika kuwashangilia. Hata hivyo, ladha nayo hufunzwa. Mtoto aliyezoea kuona weupe ukipewa maua na weusi ukipewa ushauri hujifunza mahali pake bila kufundishwa na mtu. Mwaka 2014, Lupita Nyong'o alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kuhusu msichana mweusi aliyetamani vivyo hivyo. Alikiita Sulwe, neno la Kijaluo lenye maana ya nyota.

Wahenga walisema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Asiyetaka kupenda naye huona chongo pasipo na chongo. Basi waandishi wetu wa tamthilia wawape wasichana weusi mapenzi yasiyo ya shuruti, nasi watazamaji tuyapokee bila kuyatafutia udhuru. Twaweza kuanzia nyumbani, na vibandani mwa nyama, kwa kusema "mweusi na mrembo".